Mguu Mmoja Juu

Jumanne, 12 Mei 1998

Insha arobaini na mbili nimesahihisha leo. Mada: Siku ya Mafuriko. Na wote – wote! – wameandika "nilihuzunika sana". Mmoja maji yamembebea nyumba, kahuzunika sana. Mwingine kapoteza kalamu, naye kahuzunika sana. Huzuni ya saizi moja, kama sare ya shule. Kalamu nyekundu imeniishia wino kwa hasira. Rosina kaniambia niache kufoka, makaratasi hayana masikio. Mke wangu huyu!

Alhamisi, 14 Mei

Nimepata wazo. Ile kompyuta.

Watu wa msaada walipofunga kambi yao walituachia kompyuta moja, printa moja na jenereta lenye kikohozi. Ndani ya kompyuta mna programu aliyokuwa akiitumia kijana wao mchoraji kutengeneza mabango – yale ya "chemsha maji ya kunywa". Mna mtu humo. Wa kijivu, hana nguo, hana nywele, uso hausogei. Ukimshika mkono kwa mausi, unakunjika. Ukimshika shingo, inainama. Unaweza hata kumzunguka ukamtazama mgongoni. Ni kufinyanga sanamu, ila udongo hauko.

Mwalimu wa kompyuta ni mimi, kwa sababu nilienda semina ya wiki mbili Malindi. Wiki ya pili nililala na malaria. Hilo Mkuu halijui na halina haja ya kumfikia.

Basi nitawapa watoto yule mtu. Wanionyeshe huzuni bila neno huzuni. Hana uso, hawatanidanganya kwa machozi. Mwili tu. Halafu ndipo waandike.

Jumanne, 19 Mei

Kipindi cha kwanza. Vurugu tupu!

Nilisahau kwamba mtu yuko uchi. Wasichana wakafunika macho. Ishmael, yule mpiga domo wa Idsowe, akauliza kama huyu naye nguo zake zilichukuliwa na mafuriko. Darasa zima likaanguka kicheko. Nikabandika kipande cha leso ya Rosina juu ya kioo kwa selotepu. Kikakaa vizuri, heshima ikarudi – mpaka yule mtu wa kijivu alipopiga hatua kiooni akaiacha leso nyuma. Mama wee.

Mwalimu Liban, anayefundisha dini ya Kiislamu, alikuja kuchungulia. Nilijua atakuwa na neno juu ya sanamu. Kafikiri, kakuna ndevu. Kasema kitu kinachotoweka jenereta likizima, yeye anakiona kivuli tu, hana ugomvi nacho. Ila kanionya: kibaki humo ndani. Usije ukakitundika ukutani, Jairus. Nikasema sawa, sawa.

Alhamisi, 21 Mei

Mkuu ametoa petroli chupa moja ya soda. Hiyo ni saa moja na kidogo. Wanafunzi arobaini na wawili, kompyuta moja! Nimewagawa. Wanaongoja zamu wanafanya kwa miili yao, wawili wawili – mmoja udongo, mwenzake fundi. Wasichana peke yao, wavulana peke yao. Ishmael kafinyangwa "hasira", kaanguka na dawati.

Hawa kanifundisha kitu. Nilimwambia afanye furaha. Mimi ningemrusha mtu hewani, mikono juu. Yeye kamchuchumaza chini, viganja viwili vimekinga. Nikauliza, hii ni furaha gani? Kasema, ile siku helikopta ilipoleta unga. Furaha imechuchumaa! Nimefundisha insha miaka kumi na saba na hili sikulijua.

Alhamisi, 28 Mei

Leo niandike juu ya Batula.

Ni msichana pekee wa Kiorma, wale wafugaji wa ng'ombe, katika Kidato cha Pili. Mrefu, kimya, anakaa karibu na dirisha. Babake, mzee Guracha, alimleta mwenyewe Januari, siku barabara bado ina matope mpaka magotini. Insha yake ya mafuriko ilikuwa na mistari minne. Nilimpa alama nne. Mstari kwa alama – nilijiona mcheshi.

Sasa huyu mtoto akishika mausi, haachi. Wengine wanataka kumchezesha mtu ngoma. Yeye dakika zake kumi zote amezitia kwenye shingo. Anaiinamisha kidogo, anairudisha, anazunguka nyuma kutazama, anaiinamisha tena. Nimemuuliza ni nini. Kasema, bado, mwalimu.

Alhamisi, 4 Juni

Batula amenyoosha mikono ya mtu wake. Yote miwili, huku na huku, sawa na mabega, na viganja vimelegea vinaning'inia. Shingo upande. Mguu wa kulia ameuinua, unyayo umewekwa juu ya goti la kushoto.

Nilisimama nyuma yake nywele zikanisisimka. Mikono ile! Nikamuuliza, ni huzuni? Kasema ndiyo, mwalimu, ni huzuni. Nikasema naona, naona! Akafungua mdomo aongeze neno, lakini mimi nilikuwa nishageuka kuwaita wengine waje watazame.

Ila ule mguu ulinikera. Nani mwenye huzuni anasimama kwa mguu mmoja? Korongo? Nikamwambia aushushe, miguu yote miwili chini, mtu asimame imara. Akanitazama. Akaushusha.

Jumanne, 9 Juni

Siku ya wazazi ni Jumamosi. Mkuu anataka kitu cha kuwaonyesha wageni. Petroli ya maonyesho hakuna. Kasema, si kuna printa?

Nimechapa tano. Ya Batula ndiyo imetoka vizuri kupita zote. Nikaitazama muda mrefu. Mimi mzee wa kanisa, nimesimama mbele ya msalaba tangu niko mgongoni mwa mama – na mtoto wa Kiislamu kaniletea Yesu nisiyewahi kumwona, mchovu hivi, wa kweli hivi. Nikachukua kalamu nene nikaandika chini yake: MATESO YA MWOKOZI. Batula Guracha, Kidato cha Pili.

Nitazitundika ukumbi wa chakula. Maneno ya Liban niliyakumbuka. Nikajifanya sikuyakumbuka.

Jumamosi, 13 Juni

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Mzee Guracha alifika saa nne, kwa miguu, fimbo mkononi, kilemba kisafi. Akazunguka kutazama karatasi ukutani pamoja na wenzake. Yeye hasomi. Mzazi mmoja akawa anawasomea kwa sauti. Alipofika kwa ile, sauti ikapungua, lakini akasoma. Mzee akaomba isomwe tena. Kisha akauliza, jina la chini ni la nani. Akaambiwa, Batula Guracha.

"Guracha ni mimi," kasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Aliibandua karatasi taratibu isichanike, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akanijia. Kaniambia alileta mtoto shule asome, hakumleta ageuzwe dini.

Batula alitoka bwenini na sanduku la bati kichwani. Babake akalichukua akaliweka begani mwake mwenyewe, wakaondoka hivyo, yeye na sanduku mbele, mtoto nyuma. Batula hakugeuka. Liban alikuwa kando yangu. Hakusema "nilikuambia". Angesema ningepumua.

Jumanne, 16 Juni

Kiti cha dirishani kitupu. Hakuna aliyekikalia, hata Ishmael.

Baada ya kipindi ilibaki petroli kidogo. Watoto wameenda kula, mimi nikakaa na yule mtu wa kijivu. Nikamfanya Rosina. Siku ile ya mafuriko, kule kwetu Idsowe, nyumba imelala, maji kifuani, yeye anayatafuta mafiga ya jiko letu chini ya maji. Nikamwinamisha, nikampeleka mikono chini. Nikaona nimepata.

Rosina mwenyewe akaingia na wali wangu wa mchana. Akasimama akatazama.

"Huyu ni nani?"

"Wewe."

"Kiuno hiki? Sijawahi kuwa nacho hata nikiwa mwari!"

Tukacheka. Kisha akamtazama tena yule mtu. Kasema, mimi sikuinama, baba Iha. Maji yale yalikuwa machafu, ungeinama uone nini? Nilisimama wima. Nilikuwa natafuta kwa nyayo. "Wewe si ulikuwa pale? Ulikuwa unatazama nini?"

Nilikuwa namtazama yeye, naapa. Mafiga mawili aliyapata, la tatu hakulipata mpaka leo. Hapa Garsen tunapikia mafiga mawili na tofali. Miezi saba nalitazama lile tofali kila siku. Nikamshika mkono mbele ya kompyuta, nikamwambia pole. Akasema kula, wali unapoa.

Alhamisi, 18 Juni

Liban kaja na habari, na si nzuri. Shangazi yake Batula yuko Bura, kwenye mashamba ya mifereji. Mume wake ana gari dogo, litapita Jumapili ya tarehe 28 kumchukua Batula. Ataenda kumsaidia shangazi na watoto. Na shule? Liban kainua mabega. Kwa sasa basi.

Kwa sasa basi! Akipanda gari lile hatarudi, najua mimi. Nimeona wangapi wakienda kwa sasa?

Nikamwambia Liban twende kwa mzee. Kasema, utasema nini? Nikasema, nimekosa. Kasema hilo ni neno la kuanzia.

Jumamosi, 20 Juni

Nimerudi sasa hivi, miguu inauma, baiskeli imepasuka mpira, na moyo wangu sijui uko wapi. Nianze mwanzo.

Boma lao liko upande wa barabara ya Witu. Ua wa miiba mpana, mpana mno! Ng'ombe wa kulala mle wangekuwa zaidi ya mia. Liban kanieleza njiani: mafuriko yalichukua nusu, ugonjwa uliokuja baada ya maji ukachukua karibu wote waliobaki. Wako kumi na mmoja.

Tukapokewa kwa heshima, mkeka, maji ya kunawa. Ikaletwa chai. Strungi. Boma la Waorma, mgeni anapewa chai isiyo na maziwa! Mama mwenye nyumba aliiweka chini macho yakiwa pembeni. Nikainywa yote nikaomba nyingine.

Nikasema nililoendea. Nimekosa, mzee. Mtoto hana kosa. Nimeandika mimi, kwa mkono wangu, na sikumuuliza. Liban akanitafsiria pale Kiswahili changu kilipokuwa kingi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kasema amesikia. Basi.

Jua likawa linateremka, ng'ombe wakaanza kurudi. Mzee akainuka akaenda mlangoni pa ua. Akaipitisha fimbo nyuma ya shingo, juu ya mabega. Akatundika mikono juu yake, huku na huku, viganja vikaning'inia. Shingo upande. Akainua mguu wa kulia akauweka juu ya goti la kushoto.

Ng'ombe kumi na mmoja wakapita, wakaisha. Yeye hakuondoka. Akaendelea kutazama njia nyuma yao.

Nikaruka, kikombe kikamwagika. "Fimbo!" nikapiga kelele. "Kompyuta haina fimbo!"

Watu wakanitazama kama nimeingiwa na shetani. Sikujali. Wachungaji nawaona kila siku ya Mungu kando ya barabara, wamesimama hivyo hivyo! Lakini toa fimbo, na mwalimu mjinga atoe mguu – unabaki na nini? Unabaki na ninachokijua mimi: msalaba. Mtoto alimfanya babake. Mimi nikamshusha mguu, nikambandika jina la mwingine.

Batula alikuwa mlangoni kwao, kibuyu mkononi. Nikamuuliza, ni yeye? Akaitika kwa kichwa. Kwa nini hukuniambia, mwanangu?

Kasema: "Ulikuwa umefurahi sana, mwalimu."

Machozi yalinitoka, sijifichi. Nikamwendea mzee nikajaribu kumweleza. Huyu wa kwenye karatasi si Yesu, ni wewe. Ni wewe hapa, jioni. Nikachukua fimbo ya Liban – kwa kweli ni pampu ya baiskeli – nikaiweka mabegani, nikainua mguu, nikaanguka. Watoto wakacheka. Hata mama mwenye nyumba akacheka nyuma ya mtandio. Mzee hakucheka. Aliuliza neno moja, Liban akanitafsiria: Anauliza, yeye husimama hivyo?

Batula alikuwa anatazama chini.

Mzee akaingia ndani. Hakutoka tena mpaka tukaaga. Njiani nilitaka turudi nimwombe kuhusu gari la Bura. Liban kasema niache, nimesema ya kutosha kwa mwaka mzima.

Jumanne, 23 Juni

Hakuna neno. Nimefundisha vibaya. Nimewaambia darasa kisa chote, hata la kuanguka. Nimewaambia: nikikwambia shusha mguu, niulize kwanza kwa nini. Ishmael hakufanya mzaha. Kauliza tu, kwani Batula anarudi? Nikamwambia sijui.

Alhamisi, 25 Juni

Naandika hapa hapa, nyuma ya darasa, kwa penseli.

Wamekuja! Saa nane kasoro, jenereta nimeliwasha tu, kivuli kikaziba mlango. Mzee Guracha, fimbo mkononi. Batula nyuma yake, buibui, hana sanduku. Nimeliangalia hilo kwanza – hana sanduku. Nimemtuma mtoto mbio amwite Liban.

Mzee hakunisalimia kwa maneno mengi. Katoa mfukoni ile karatasi, imekunjwa mara nne, kingo zimechakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Sehemu ya chini, palipokuwa na maandishi yangu, imekatwa kwa kisu vizuri kabisa. Mtu wa kijivu yupo mzima. Kaniambia anataka kumwona penyewe.

Nikamfungulia. Kavuta kiti kama mtu anayekaribia ng'ombe asiyemjua. Katazama. Batula kakaa kushoto kwake, kakamata mausi, akamzungusha yule mtu polepole ili babake amwone ubavuni, mgongoni, ubavu wa pili. Nasikia jenereta tu.

"Mguu," kasema mzee.

Batula akauinua. Unyayo juu ya goti. Pale pale ulipokuwa tangu mwanzo.

Mzee akatikisa kichwa. Bado kuna kitu. Wakasemezana Kiorma, Liban ameingia yuko mlangoni ananinong'onezea: anasema shingo si hivyo, imeinama mno, huyu amekata tamaa. Mtoto anasema ndivyo ilivyo, mimi ndiye ninayekuona. Mzee anasema hapana.

Basi akainuka. Akasogea katikati ya darasa, kati ya madawati, mzee wa watu mbele ya watoto arobaini. Akapitisha fimbo mabegani. Akatundika mikono. Akainua mguu. Akatazama ukuta wa nyuma, juu ya kichwa changu, mbali huko.

Na ni kweli – shingo haikuinama vile. Imeinama kidogo tu. Anasikilizia.

Batula anamtazama, anaisogeza shingo ya mtu wake nywele kwa nywele. Anamtazama, anasogeza. Na Hawa yule wa furaha amefungua daftari, hakuambiwa na mtu, anaandika. Na wengine wanaandika. Sijawauliza wanaandika nini. Naogopa hata kupiga chafya.

Jenereta limekohoa. Likakohoa tena. Limezima.

Skrini nyeusi. Ishmael katoka mbio na chupa tupu kwenda kwa Mkuu. Hakuna aliyethubutu kumwambia mzee ashushe mikono. Batula ameweka mausi, amechukua penseli, amegeuza ile karatasi upande wa nyuma, anaendelea.

Mzee kasema kitu bila kugeuza kichwa. Nimemtazama Liban. Liban anasema: anauliza kazi hii inachukua siku ngapi.

Batula hakuinua macho. Kajibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. "Mpaka muhula uishe, baba."

Leo Alhamisi. Gari la Bura ni Jumapili. Mzee hajajibu. Mikono bado iko juu ya fimbo, mguu bado uko juu ya goti, na kila mtoto akimaliza mstari anainua macho kuona kama angali amesimama. Angali amesimama.